Vidole Begani kwa Mama

Studio ya picha, chumba cha nyuma,
Jumapili, tarehe kumi na nne.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichokuwa nacho tulipoongea kwenye simu kimekuachia. Usiniambie tena ni vumbi tu, nenda ukapimwe. Mimi sijambo, ila macho yananiuma kwa kukodolea kompyuta kutwa nzima nikiwaondolea watu chunusi zao. Mama naye hajambo. Goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini mdomo wake haujazeeka hata kidogo.

Sasa nikupe habari za kaka yetu, Meneja. Bado anasimamia maisha ya kila mtu isipokuwa yake. Kitambi kimeongezeka, na amenunua miwani ya kusomea ingawa sijamwona akisoma kitu. Tangu ulipomkataa yule mchumba aliyekuchagulia, ukafunga mizigo bila kumuomba ruhusa, jina lako hulisikii kinywani mwake. Akilazimika kukutaja anasema "yule". Mtu mzima na ndevu zake, amenuna miaka yote hii kama mtoto aliyenyimwa peremende.

Mama alipokaribia kutimiza miaka sabini tulikubaliana kumkuzia picha moja ya kutundika sebuleni. Tukachagua ile ya uani, bila shaka unaikumbuka. Mama ameketi, mimi nimechuchumaa miguuni pake, Meneja amesimama kando kifua mbele kana kwamba nyumba ni yake. Wewe uko nyuma ya Mama, umemwekea mkono begani, umeinama kumwambia neno. Kasoro ni moja tu: ulisimama upande wa jua, kivuli chako kikamwangukia Mama usoni.

Meneja akatoa hukumu palepale. Eti anayeziba mwanga aondolewe, na picha itakuwa safi. Nilimwambia simtoi mtu, na kwamba giza la usoni linatibika bila kumgusa yeyote. Hakuniamini, kwa sababu haamini neno lolote mpaka alisikie likitoka mdomoni mwake. Akaja studio kunisimamia, akakunja nne kwenye kiti cha wateja na kuanza kuguna.

Kazi yenyewe ni rahisi, Dada, hata wewe ungeiweza. Juu ya picha unaweka tabaka jingine lililoongezwa mwanga. Ukiliacha hivyo, kila kitu kinang'aa, mpaka ukuta unaumiza macho. Kwa hiyo tabaka hilo unalivisha kifuniko, sisi tunakiita maski. Unachukua brashi: unapopaka rangi nyeusi, tabaka linajificha, unapopaka nyeupe, linaonekana. Nikajaza nyeusi kote, kisha nikapaka nyeupe usoni kwa Mama peke yake, taratibu, na uso ukatoka gizani. Uzuri wake ni kwamba hakuna kinachofutwa. Ukikosea, unapaka upya.

Meneja akasema huo ni mchezo wa chekechea. Akaniomba nimwekee faili kwenye flashi aipeleke kwa mchapishaji, na mimi mjinga nikampa, nikidhani safari hii anataka kusaidia. Kumbe alikwenda nayo kwake, akaketi mbele ya kompyuta yake, akakuvisha wewe maski. Akaweka picha ya ukuta mtupu chini, akakupaka nyeusi kuanzia nywele mpaka kiunoni. Kisha akachapisha, akatia fremu ya dhahabu, na hakumwonyesha mtu.

Siku ya siku sebule ilijaa. Mama Mdogo alikuwepo, majirani walikuwepo, na wakwe zake Meneja walipewa viti vya mbele. Akatoa hotuba ndefu kuhusu umoja wa familia. Nakuapia, alisema umoja wa familia, na sauti ikamtetemeka. Ndipo akavuta kitambaa.

Watu wakapiga makofi. Mimi nilikutafuta nyuma ya Mama nisikuone, maana mahali pako palikuwa ukuta. Mama hakupiga makofi. Aliinuka na goti lake lile, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo, akaweka kidole juu ya bega lake pichani. Kumbe Meneja aliogopa kuligusa gauni la Mama kwa brashi yake nene, akaishia pale gauni linapoanzia. Vidole vyako vilikuwa bado vimekaa begani, havina mkono wala mwenyewe.

Mama akauliza vile ni vidole vya nani. Meneja akacheka kidogo, akasema ni kivuli tu.

"Kivuli hakina kucha," Mama akasema. "Huyu nimemzaa mimi. Mrudishe."

Ungemwona, Dada. Yule mwenye hotuba alinywea mbele ya wakwe zake, akaanza kufuta miwani isiyo na vumbi. Baadaye akanifuata jikoni kuninong'oneza kama ninaweza kurekebisha. Nilinyoosha kiganja tu, akaweka flashi.

Nilipofungua faili nilicheka peke yangu. Hata ubaya hakuujua kuufanya. Alidhani amekufuta, kumbe alikufunika tu. Nikachukua nyeupe, nikaanza kukupaka: kiwiko kikaja, bega likaja, mwisho mdomo wako, umefunguka kidogo kwenye lile neno. Hapo kicheko kiliniisha, nikalia, sikufichi. Mama alikuwa ameketi nyuma yangu akitazama kila kitu.

Nikamwuliza kama ameridhika na uso wake ulivyong'aa. Akasema hapana, nirudishe giza. Nikamweleza kuwa ni la kivuli chako. Akasema anajua, ndiyo maana analitaka. Basi nikapaka nyeusi juu ya kazi yangu nzuri yote.

Picha hiyo sasa iko ukutani. Mama alimwamuru Meneja aibebe mwenyewe, apande kiti, apige msumari. Kila akija kula anaketi chini yake na kutazama sahani. Nakala ndogo nimekuwekea humu ndani.

Mama Mdogo anakusalimu, na yule jirani mshonaji anauliza bado unapenda mikono mirefu. Meneja hakutuma salamu, nami sikumwomba. Mungu akulinde njiani na kazini, akuponye hicho kikohozi.

Mama hakutaka kuandika mwenyewe. Amenipa maneno haya nikufikishie kama yalivyo: "Mwambie aje asimame palepale, anizibie mwanga."

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Kitindamimba