Oili ya Pijo la Mjomba Iddi

Mwanapili shoga, weka chai chini! Mjomba Iddi amemvunja Swabir mkono. Siku ya harusi!

Kisa oili ya gari. OILI, shoga!

Pijo, lile gari lake kuukuu Mjomba lililombeba marehemu mkewe siku ya harusi yao, leo lingembeba binti yao Subira. Swabir, bwana harusi mwenyewe, akajipendekeza kwa mkwewe: akamwaga oili nzito, akatia nyepesi ya magari mapya. Yeye na Mjomba wakalijaribu. Njiani injini ikagongagonga, ikakwama.

"Baba, hii ndiyo ya kisasa..."

Paa! Spana. Paa tena! Mfupa ukalia kama muwa.

"Umemuua mke wangu mara ya pili!"

Mara ya pili, shoga!

Alasiri kwenye nikahi, Sheikh: "Iddi, mshike mkono umwozeshe."

Mkono wenyewe ule wa plasta! Mjomba akarudisha wake nyuma.

Swabir akaguna: "Nishike tu, baba. Oili nzito nishaiagiza."