Mwenyekiti Mpya Kafuta Ruhusa ya Ngoma

Jumanne, Woolwich

Eti Jumapili tusali bila ngoma! Wakongo sisi?

Ukumbi tunaokodi ni wa kanisa la Wazungu ambao mababu zao walikimbia Ufaransa. Mfalme mmoja alitoa amri Waprotestanti waachwe wasali kwa amani, halafu mjukuu wake akaifuta. Nakala ya ile amri wameitundika ukutani, na kila mwaka wanaisoma kwa uchungu.

Mwenyekiti wao wa zamani alituandikia barua: ngoma ruksa. Leo huyu mpya kaifuta, majirani wamelalamika.

Nikamwambia, "Bosi, sasa wewe ndiye yule mjukuu!"

Nilidhani atacheka. Akawa mwekundu kama nyanya. "Basi tafuteni ukumbi mwingine."

Mimi na mdomo wangu! Tulikuwa tumekosa ngoma tu, sasa hatuna hata paa. Na Mama Furaha wa kanisani kwetu keshaalika ndugu zake wa Croydon waje Jumapili kuona mtoto wake akiombewa.

Mchungaji wetu kapiga simu mara tatu. Sijapokea, naogopa.

Kesho narudi kuomba msamaha. Mke wangu ndiye atakayeongea. Kaniambia mimi nisimame nyuma yake, nisifungue mdomo hata kupiga miayo.