Eda ya Muhsin

Mtoni, Temeke,
Dar es Salaam.
9 Oktoba 1994

Mpendwa Dada Bahiya,

Shikamoo. U hali gani na joto lenu la Maskati? Wanao hawajambo? Sie tunapumua, alhamdulillahi, ila goti la Mama limeanza tena na hakuna anayesalimika na ulimi wake.

Sasa keti, maana habari hii si ya kusoma umesimama.

Khalfani alifariki Juni kwa ugonjwa huu wa siku hizi. Unamkumbuka, "rafiki" wa Muhsin wetu, aliyekaa naye chumba kimoja miaka saba na sote tukajifanya hatuoni. Ndugu zake walimchukua, wakamwosha, wakamzika. Muhsin aliyemuuguza walimfukuza mlangoni.

Tangu hapo kahamia chumba cha uani hapa nyumbani, hatoki. Cherehani yake imejaa vumbi. Havai ila shuka nyeupe, hagusi manukato, na kioo kakifunika kwa kanga yangu. Mama kasema karogwa, akaleta shehe amsomee. Mie nikadhani hataki kujiona alivyokonda, kwani naye amepima, na jibu ni lilelile. Nikichoma vitumbua alfajiri namsikia analia.

Juzi nilimpelekea uji nikamkemea: "Utajifungia humu mpaka lini?"

Akajibu bila kuinua uso: "Mpaka tarehe kumi na nane."

Nikahesabu tangu Khalfani afariki. Miezi minne na siku kumi. Dada, anakaa eda, na sie kutwa tunamgongea atoke! Nililia, sioni haya kukwambia.

Ninachoogopa ni siku ya pili yake. Nguo zake nzuri kazigawa, mkasi wake wa kazi kanipa mimi. Nikimuuliza baada ya hapo atafanya nini, anajifunika shuka gubigubi.

Mjane hutolewa eda na jamaa zake. Basi nitamtoa mimi, Mama aseme atakalo. Kanzu nimenunua, na maji ya kuoga nitampashia mwenyewe. Lakini lazima awe na pa kwenda akishatoka. Ndiyo maana barua hii naileta kwa mkono wa Najma, anayeruka kesho kuja huko. Jumanne hiyo ya tarehe kumi na nane, saa kumi jioni kwa saa za huku, piga simu dukani kwa Yazid. Nitakuwa nimemleta.

Usimuulize ugonjwa, wala usimwambie ajikaze. Mpe pole ya msiba. Hajapewa na mtu, hata mimi.

Wasalimie shemeji na watoto. Mola akulinde ugenini.

Mdogo wako akupendaye,
Zuena

Namba ya duka ni ileile. Isipoita, dada, sina pengine pa kumpeleka.