Aliyeunguza Unga wa Kasiva

Karakana ya Mbuvi,
Soko la Tulia, Kitui.
14 Septemba 2024

Mpendwa dada Kalondu, mwiitu wa mwaitu, binti wa mama yangu,

Salamu kutoka nyumbani. Joto la Muscat likoje? Mgongo umepoa? Sisi wazima, ila mtoto wako Kasiva amenichosha.

Nimetumia karatasi kwa sababu simu ungenikatia katikati.

Ule unga wa chuma wa Kasiva unaujua? Alichanganya chumvi mbili za chuma kwa maji, akadondosha amonia tone kwa tone mpaka ikawa nyeusi ti. Chembe zake hata hadubini ya shule haizioni. Ukiweka sumaku nje ya chupa, unga wote unakimbilia huko kama mbuzi wameona magadi. Anasema siku moja utanasa uchafu wa maji ya visima, kisha sumaku iutoe. Bila unga huo hamalizi chuo.

Basi Jumatatu aliuacha hapa kivulini ukauke polepole, akaenda mjini. Mimi niliyechomelea mageti kutoka Mombasa mpaka Juba, nifundishwe kukausha chuma? Nikaumimina kwa sufuria, nikaweka kwa jiko la makaa, nikawasha feni. Nilitaka akirudi akute kazi imeisha. Ukawa mwekundu kama udongo wa Makueni. Hata nilimwita mke wangu Muthoki aje aone vile umependeza.

Kasiva aliporudi akaleta sumaku. Hakuna chembe iliyosogea. Kazi ya wiki sita.

Unajua aliniuliza nini? "Anko, uliuweka dakika ngapi?"

"Mpaka ukakauka," nikasema.

Akaandika hivyo kwa daftari. Hakulia, hakunitukana. Mtoto wa namna hiyo anachosha, Kalondu. Afadhali angenipiga na sufuria.

Sasa jana nasikia amekuambia ni yeye aliyeunguza, nawe ukamwambia aache masomo akauze dukani kwa shangazi yake huko Wote. Huyo mtoto alinifichia aibu. Ni mimi niliyeunguza, mimi wa darasa la saba na mdomo wa profesa. Ukimtoa chuo utakuwa umemwadhibu asiye na kosa.

Ameanza upya. Mwalimu wake amempa mpaka tarehe thelathini. Mimi nimepigwa marufuku jikoni kwangu mwenyewe, na nimekubali.

Muthoki anakusalimu, na mtoto wetu Kaloki pia. Mungu akutunze huko ugenini, akupe usingizi mzuri.

Mpigie Kasiva leo. Ukimaliza naye, nipigie mimi, nitaweka simu mbali na sikio.

Ni mimi kaka yako nikupendaye hata ukinikasirikia,
Mbuvi