Sitaiomba Laptop Yako

Mzee wangu,

Siku ya mazishi yako bosi alinipigia simu nikiwa nimesimama nyumbani kwako Luanda Kotieno, jeneza likiwa bado halijateremshwa. "Uliza familia hiyo laptop iko wapi. Bila hiyo tumekwisha." Nilikata simu. Kaka yako alikuwa ameshafungia vitu vyako ndani ya nyumba yako mpaka ukoo ukae uvigawe, na mimi si mtu wa kumsumbua mfiwa kwa ajili ya kompyuta.

Lakini nilijua kwa nini inatakiwa, na nikakukasirikia hapo hapo, machozi yakinitoka. Mfumo wetu wa kulinda chumba cha barafu cha kuhifadhia samaki ni programu tatu kwa lugha tatu za kompyuta. Ya C inasoma joto, ya Python inawatumia wauza samaki ujumbe joto likipanda, ya JavaScript inawaonyesha hali kwenye simu. Kuzijenga ziwe kitu kimoja ilikuwa kazi yako, kwa mkono, kwenye mashine yako, kwa mpangilio uliokaa kichwani mwako. Nilikuomba uandike, ukacheka. "Nyathina, mwanangu, si mimi niko hapa? Unaogopa nini?"

Haukupita mwezi, kampuni inayotusafirishia ujumbe ikabadilisha njia yake, na ujumbe wetu ukakoma. Dawa ilikuwa kurekebisha mstari mmoja wa Python. Mstari mmoja, Mzee, na hakuna aliyeweza kuujenga mfumo upya. Mtu akaacha mlango wa chumba wazi, ujumbe haukwenda, na Mama Atieno, mmoja wa wauza samaki, akapoteza samaki wake wote wa mbuta. Alikuja mpaka ofisini kwetu, mtaa wa Mamboleo. "Sasa nyinyi mnangoja nani? Marehemu?" Bosi akasema system yako itupwe, wanunue nyingine Nairobi. Nikamwambia haitupwi. Akanipa wiki moja.

Nilichukua kompyuta tupu, ambayo hujawahi kuigusa, nikaanza kuifundisha kuujenga mfumo, hatua moja moja. Ikakwama kwenye C, inatafuta faili ambayo haipo popote. Siku tatu nimeisaka. Jina lake ndilo lililonifumbua macho: kumbe uliinakili kutoka kazi yako ya zamani, ukaiacha kwenye laptop, ukasahau. Samaki wa watu wote wale walikuwa wanategemea faili moja iliyofungiwa nyumbani kwa marehemu. Nilikutukana kwa sauti, wenzangu wakisikia, na siombi msamaha. Kisha nikaiandika upya mwenyewe. Ulizoea kusema C haiwataki wenye haraka. Nilikuwa na haraka, na bado imefanya kazi.

Sasa mtu akibadilisha chochote kwenye mfumo, mashine yenyewe inaanza na folda tupu. Inajenga C, inaikabidhi kwa Python, inajenga ukurasa wa simu, inazijaribu zote pamoja. Moja ikikataa, inasimama na kusema ni ipi. Uliniambia mashine haiwezi kuwa na subira kama yako. Inakushinda, Mzee. Ningetoa chochote uje ubishe.

Ujumbe umerudi. Mama Atieno analalamika kwamba simu yake inalia sana. Bosi alisema "Sawa," akarudi kwa chai yake.

Juzi kaka yako alinipigia. Wamemaliza kugawana. "Kuja uchukue hiyo kompyuta ya ndugu yangu, najua mnaihitaji." Nikamwambia hatuihitaji. Binti yako Awino aifute yote, aende nayo chuo. Nilipomaliza kusema hivyo nilikaa kwenye ngazi za ofisi nikalia, maana ndipo nilipoamini umekufa.

Lala salama, Mzee. Hasira haijaisha, na kiti chako sijamruhusu mtu akikalie. Lakini nilichokuahidi moyoni nakuandikia leo. Kila ninachokijua nakitoa kichwani, nakiweka mahali ambapo mwenzangu yeyote atakiona. Siku yangu ikifika, wawe na kazi moja tu, kunililia.

Mwanafunzi wako,
Adhiambo