Namba Tasa na Debe Langu

Jumatatu, 3 Machi
Nimemaliza! Ukurasa wa rekodi za namba tasa kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni sasa una sehemu nzima ya pacha — namba tasa mbili zinazopishana kwa mbili tu. Jozi kubwa kuliko zote zinazojulikana ni yangu, niliipata mwaka jana. Vyanzo vitano. Vinne nimeandika mimi. Ningemnukuu nani tena? Hakuna mwingine aliyeandika!

Jumanne, 4 Machi
Imefutwa. Yote! Mhariri fulani kaacha mstari mmoja: mwandishi anajinukuu mwenyewe. Na idara nzima ya hisabati, hapa chuoni Groningen, Uholanzi, imeshaona. Folkert wa ofisi ya jirani kanikuta kwenye mashine ya kahawa. "Tjitske, debe lako limesikika mpaka Ujerumani!" Wakacheka wote. Nami nikacheka, uso unaniwaka. Miaka yote ya kazi, leo nijulikane kwa kujipigia debe! Namba zenyewe tasa, lakini kwa kuzaa matatizo hazijambo.

Jumatano, 5 Machi
Sjoerd, mume wangu, anaponda viazi na sukumawiki. Anasema: taja jina lako, kiri rekodi ni yako, kisha kaa kando. Nimeandika hivyo kwenye ukurasa wa majadiliano. Wahariri, amueni nyinyi. Mikono mfukoni sasa.

Jumapili, 9 Machi
Rekodi yangu imevunjwa! Binti mmoja wa Oulu, Finland, Aino Kemppainen, kapata jozi kubwa zaidi. Nilidhani nitaumia. Nimeumia, kidogo. Lakini jamani, nimetua mzigo! Sina tena cha kujipigia. Nimeendesha baiskeli mpaka mji wa Dokkum, upepo usoni, naimba ovyo.

Jumanne, 11 Machi
Barua pepe kutoka kwa Aino! Katumia mbinu yangu ya kusaka pacha. Anataka iwemo kwenye ukurasa, na rekodi yake pia, ila anaogopa yaliyonipata mimi. "Bi Tjitske, wewe niandike mimi, mimi nikuandike wewe. Hakuna anayejinukuu. Safi, au siyo?"
Safi kabisa! Nimeruka kitini kwa furaha. Mbinu yangu itarudi, na si kwa mkono wangu.
Sjoerd kachungulia begani, mdomo umejaa mkate wa sukari. "Ile ilikuwa kujipigia debe. Hii sasa ni kupigiana."
Nimecheka mpaka machozi. Halafu nimeacha kucheka.
"Mpendwa Aino," nimeandika. Mkate umekwisha, Sjoerd kaenda kulala, na mimi bado niko kwenye koma —