Kwa Baba Yetu Mchimba Visima, Aliyeshuka Kumfuata Mdogo Wake

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu kamba irudi juu bila wewe.

Tumekaa mezani tangu tulipomaliza chakula cha mchana, tunakuandikia. Mimi bintiyo wa kwanza ndiye niliyeshika kalamu, maana unaujua mwandiko wa mdogo wangu fundi bomba; hata yeye mwenyewe huwa anauliza ameandika nini. Amesimama nyuma yangu anasoma kila neno. Mama amekaa kwenye kiti chako, kile cha karibu na dirisha.

Tulitaka kuanza na maneno matamu. Lakini wewe hukupenda kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, kwa hiyo tutayasema mambo kama yalivyokuwa.

Ulichimba visima maisha yako yote. Ulirudi nyumbani na udongo masikioni, ukapiga hodi kwako mwenyewe, ukasubiri nje uletewe maji ya kunawa kwa sababu Mama alikuwa amepiga deki. Mikono yako ilikuwa migumu hata mjukuu wako alikuwa akishtuka ukimshika shavu. Ulicheka kidogo, tena kwa pua. Ulipenda chai ya moto kuliko inavyowezekana kunywewa, na kila siku ulijiunguza, na kila siku ulishangaa.

Kazini ulikuwa na taratibu zako na hukuzivunja. Kabla mtu hajashuka, taa ya mafuta ilishushwa kwanza kwa kamba. Ikizimika, hakuna anayeshuka, hata mwenye kisima anune vipi. Chini kule hewa huharibika bila kunuka na bila kuonekana. Na mtu akianguka chini, asimfuate mtu. Hilo ulitufundisha hata sisi ambao hatukuwahi kushika sururu. "Mnaomfuata mtashindana kufa," ulisema, na hukuwa unatania.

Halafu kulikuwa na gunia la matambara. Kila nguo ya nyumba hii iliyochakaa iliishia humo: sketi yangu ya shule, shuka la Mama, suruali ya mdogo wangu aliyoipasua ukutani kwa watu. Mtu alipovutwa juu kwa kamba, ulimwekea matambara kwapani kwanza, ukayapanga, ukayabonyeza, ndipo ukakaza, ili kamba isimkate. Jirani yetu fundi wa kuchomelea alikuwa hakosi la kusema.

"Mzee, unamfunga mtu kamba au unamvisha bibi harusi?"

"Kamba haina huruma," ulimjibu. "Huruma lazima niilete mimi."

Hayo ulijifunza kwa Ebedmeleki. Mgeni yeyote aliyekaribishwa kwetu alikuwa ameshamjua Ebedmeleki kabla kikombe hakijaisha. Nabii Yeremia ametupwa shimoni, amezama kwenye matope, wakubwa wameamua afie humo na waliokuwa wakimsifu wote wameufyata. Anayekwenda kwa mfalme kumwombea ni mtumishi wa nyumba ya mfalme, Mkushi, mgeni asiye na ukoo wa kumtetea. Anapewa ruhusa na watu wa kumsaidia. Lakini haendi shimoni moja kwa moja. Anapita kwanza kuokota nguo kuukuu na matambara, anamshushia nabii, anamwambia ayaweke kwapani chini ya kamba.

Hapo ulivua miwani. "Mnaona? Angeweza kumtoa hivi hivi. Nabii angetoka amechubuka, na bado watu wangeshangilia. Huyu alimfikiria mpaka kwapa."

Uliwapenda watu wa namna hiyo. Uliwaita watu wa mlango wa nyuma. Wafalme, ulisema, wana watu wa kutosha wa kuwasifu, wewe hukuhitajika. Wako walikuwa yule kijakazi aliyetekwa kwao halafu akamtakia bwana wake Naamani uponyaji. Mjane wa Sarepta na konzi yake ya unga. Hajiri aliyemlaza mwanawe chini ya kichaka akaenda kukaa mbali asimwone akifa. Kwa Hajiri ulikuwa na utani wako. "Mungu alimfungua macho akaona kisima. Sawa. Lakini mimi kama fundi nauliza, nani alikichimba?" Mama alikuwa akikuambia uache kumtania Mungu mbele ya chakula.

Utani ukiisha, ulikuwa ukisema jambo lile lile, na tumelikumbuka kwa sababu ulilirudia mpaka tukachoka. Kijakazi yule hakuahidiwa kurudi kwao. Mjane hakuonyeshwa kesho yake. Ebedmeleki alipoingia kwa mfalme hakujua kama atatoka. Kumtumaini Mungu, ulisema, hakumaanishi unajua mwisho wa safari. Unafanya lililo mbele yako leo kama mtu ambaye hajaachwa peke yake, basi. Tulikuitikia kwa urahisi sana, Baba. Tulikuwa tumeshiba.

Siku ile mlikuwa mnaongeza kina cha kisima cha zamani, uani kwa mwenye nyumba mmoja upande wa pili wa barabara. Mdogo wako, Baba Mdogo wetu, ambaye mtaa mzima unamwita Chapchap, alifika kabla yako. Wewe ulikuwa njiani, taa mkononi. Fundi wa kuchomelea, aliyekwenda kusaidia kuvuta ndoo, alimwambia asubiri. Chapchap akasema jana yake alishinda mle chini na hewa ilikuwa safi, ya nini kupoteza asubuhi. Akashuka. Akasikika akikohoa, kisha hakusikika tena.

Ulipofika, ulishusha taa. Ilizimika haijafika hata katikati. Hilo ndilo linalotuuma kuliko mengine yote: hukushuka kwa kutojua. Ulimwita mdogo wako, ukamwita tena. Ukawaambia watu wote wasogee mbali na kisima, na asithubutu mtu kukufuata. Fundi wa kuchomelea alikushika shati, na kipande cha kola kilibaki mkononi mwake. Ulivuta pumzi, ukashuka kwa mashimo ya kuwekea miguu, kamba mkononi, matambara begani.

Matambara, Baba.

Mtu aliyezimia hawezi kujiwekea kitu kwapani. Ulimwekea wewe. Waliokuwa juu walikuwa wanakupigia kelele ufunge tu, ufunge utoke. Halafu wakasikia sauti yako, imekwaruza lakini ni yako kabisa: "Vuteni. Nimemfunga vizuri." Wakavuta. Akatoka anapumua, na ngozi ya kwapa zake haikuwa na hata mkwaruzo. Wakakurudishia kamba. Walikuita, wakaitikisa kamba, wakakuita. Walipoivuta ilikuja nyepesi.

Kwenye mazishi mchungaji alisoma habari za Ebedmeleki kwa heshima yako. Akafika mwisho wake, pale Mungu anapompelekea mtumishi yule ahadi kwamba mji utaanguka lakini yeye hatauawa, atabaki na uhai wake, kwa kuwa alimtumaini. Mama alisimama mbele ya watu wote. Hakupaza sauti.

"Mchungaji, kwani wa kwangu hakumtumaini?"

Mchungaji alifunga Biblia taratibu, akasema tuombe. Hatumlaumu. Hata sisi tumelitafuta jibu la swali hilo mwaka mzima na mikono yetu bado ni mitupu. Mama hajaingia kanisani tangu siku hiyo. Sala ya chakula anatuachia sisi, yeye anaangalia sahani.

Baba Mdogo hakukuzika. Alikuwa bado amelazwa. Alipotoka hospitali alikuja moja kwa moja hapa, amevaa shati la kuazima, na Mama akamkuta mlangoni. "Shemeji," akamwambia, "hapa kwangu usikanyage." Hajakanyaga. Visima ameviacha, siku hizi anafagia sokoni, na majirani zake wanasema hawezi kulala mlango ukifungwa, hata mvua inyeshe ndani. Kuna siku nilimkuta duka la dawa. Hakunisalimia. Aliniuliza, "Mama yenu anakula?" Nikamwambia anakula. Akaondoka, dawa yake ameiacha juu ya kaunta.

Kwa hiyo leo, tulipofika mahali pa kuandika wanaokukumbuka, kalamu ilisimama.

"Baba Mdogo tunamweka wapi?" nikauliza.

"Hatumweki," mdogo wangu akasema. "Akiingia yeye, mimi nitoe."

"Ni ndugu yake. Wamelala tumbo moja."

"Ndiyo. Na angesubiri taa, ndugu yake angekuwa hapa sasa hivi anaunguza ulimi kwa chai. Dada, usinichokoze."

Nikamchokoza. Nikamwambia juzi tu yeye amefungua bomba la watu bila kufunga koki kubwa, nyumba nzima ikaogelea, na tofauti yake na Baba Mdogo ni kwamba yale maji hayakuua mtu. Alinitazama kwa namna ambayo hajanitazama tangu tukiwa watoto. Nilijua nimemchoma, na nilijua ni kweli.

"Ebedmeleki hakushuka," Mama akasema.

Tukageuka.

"Nimeisoma mwenyewe ile habari. Mnafikiri sisomi kwa sababu siendi kanisani? Nimeisoma mpaka kurasa zimelegea. Yule mtu alisimama juu, salama, na wenzake wamejipanga. Akashusha kamba na matambara. Nabii akajiwekea mwenyewe. Baba yenu ndiye aliyeshuka. Hakuna mahali pameandikwa ashuke."

"Kwa hiyo tusimweke, Mama?" mdogo wangu akauliza, na sauti yake ilikuwa na matumaini mabaya.

Mama alikuwa anavuta uzi uliochomoza kwenye pindo la kitambaa cha meza. Aliuvuta mpaka ukakatika.

"Nimemkasirikia shemeji. Nimemkasirikia baba yenu na matambara yake. Mungu ndiyo usiseme. Na bado nimekasirika, asije mtu akaniambia yamekwisha. Lakini baba yenu alimtoa yule mtu chini. Ndiyo kazi yake ya mwisho, na aliimaliza. Mimi nikimkata hapa, nitakuwa nimemrudisha kisimani." Akanisogezea karatasi. "Mwandike."

"Umemsamehe?" nikauliza.

"Sijui. Wewe mwandike. Mweke baada yangu, kabla yenu. Ndivyo ukubwa ulivyo."

Mdogo wangu alibaki amesimama, mikono mifukoni. Mama akauliza, kama anayeuliza nani ataleta mkate, nani atakwenda kumwambia aje.

"Nitakwenda mimi," mdogo wangu akasema. "Lakini njiani siongei naye."

"Usijali," Mama akasema. "Hata yeye siku hizi haongei."

Amekwenda. Ninamalizia kuandika kabla hawajafika. Mama ameinuka, amefungua mlango wa mbele, ameuegemeza jiwe usijifunge.

Hatujui, Baba, kwa nini mtumishi yule alipewa uhai wake na wewe hukupewa. Hatutajifanya tunajua, na atakayekuja leo na majibu ya haraka tutampa chai tu. Tunachojua ni kwamba hukuwa na ahadi yoyote mkononi, taa ilikuwa imezimika mbele ya macho yako, na mdogo wako alikuwa kule. Ukafanya lililokuwa mbele yako, na ukalifanya vizuri, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa anakuona. Kama huko ndiko kumtumaini Mungu, basi ni kuzito kuliko tulivyofikiri tulipokuwa tukikuitikia.

Tutaomba kidogo jioni, hapa nyumbani. Hakutakuwa na hotuba. Mama amesema ataketi nasi. Kama atafumba macho hatujui, na hatutamchungulia.

Maneno mawili yanayofuata jina la Chapchap hapo chini si yangu. Mama alininyang'anya kalamu akayaandika kwa mkono wake.

Unakumbukwa na mkeo, mdogo wako Chapchap, aliye hai, binti yako wa kwanza na mumewe, mwanao fundi bomba, mjukuu wako, na jirani yako fundi wa kuchomelea, ambaye bado amekitunza kile kipande cha kola.

Siku zote tutakazopewa, Baba, hatutakusahau.